Lifti mpya yafupisha foleni ya skii, lakini je, njia ya mtoto wako ina nafasi?

Kuanzia Januari hadi Machi, wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili wanaoishi Utah, Colorado, Vermont, Uswisi na Norway hukutana na karatasi ya aina moja ndani ya begi la shule. Mtoto anaalikwa kwenda mlimani kujifunza skii, ule mchezo wa kuteremka kwenye theluji ukiwa umefunga mbao mbili nyembamba miguuni. Mzazi anatakiwa kutia saini, kulipia na kutafuta koti zito.

Kwa mzazi aliyekulia Mwanza, Mombasa au Bukavu, maswali ya kwanza yanajulikana. Hatapata baridi? Hatavunjika mguu? Gharama yake ni kiasi gani? Bibi na shangazi walioko nyumbani nao wakiona picha kwenye simu huuliza hayo hayo.

Mchezo wenyewe si wa wenzetu peke yao. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, Kenya, akahamia Austria akiwa mdogo, akajifunza skii huko na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika PyeongChang, Korea Kusini. Watoto wetu wanaweza, na wengi wanaupenda.

Lakini yapo maswali mawili ambayo wazazi wengi hawajui kuyauliza. Lifti ya kituo hicho inapandisha watu wangapi kwa saa? Na siku hiyo, njia ngapi zenye theluji zitakuwa wazi kuwapokea? Majibu yake ndiyo yanayoamua kama mtoto anayejifunza atapata nafasi ya kuanguka na kuinuka kwa utulivu, au atajikuta katikati ya msururu wa watu wazima wanaoshuka kwa kasi.

Vituo vya skii Marekani vimejaa watu kuliko zamani. Msimu wa 2022/23 vilipokea zaidi ya ziara milioni 64, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Mwaka 2021 kampuni ya Vail Resorts, inayomiliki vituo vingi nchini humo, ilipunguza bei ya tiketi yake ya msimu, Epic Pass, kwa asilimia 20. Mwaka huo huo ikatangaza mpango wa kufunga lifti mpya takriban 20 katika vituo vyake. Watu wameongezeka, foleni zimerefuka, na lifti mpya ikaonekana ndiyo dawa.

Dawa hiyo inafanya kazi. Ila kama ilivyo kwa dawa yoyote, ina kipimo chake na ina madhara yake.

Ilianzia kwenye mikungu ya ndizi

Lifti ya skii haifanani na ile ya ghorofani. Ni viti vinavyoning'inia kwenye waya mnene wa chuma unaozunguka bila kusimama, kutoka chini ya mlima hadi juu na kurudi. Mtu husimama kwenye alama, kiti kinafika nyuma yake, anakaa, kinambeba.

Ya kwanza ilifungwa mwaka 1936 huko Sun Valley, jimbo la Idaho. Aliyeibuni ni James Curran, mhandisi wa kampuni ya reli ya Union Pacific, ambaye kabla ya hapo alijua mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Mitambo hiyo ilikuwa na ndoano zinazotembea kwenye waya. Curran akaweka viti mahali pa ndoano.

Kwa miongo kadhaa viti vilibanwa moja kwa moja kwenye waya. Waya haukuweza kukimbia, kwa sababu mtu hukaa huku kiti kikitembea. Kasi yake ilikuwa kama mita 2.5 kwa sekunde.

Mwaka 1981, kituo cha Breckenridge, Colorado, kilifunga lifti ya viti vya watu wanne iliyoitwa Quicksilver. Kiti kikifika stesheni hujiachia kutoka kwenye waya, hupunguza mwendo, watu hukaa bila papara, kisha hushika tena waya na kuondoka. Kwa njia hiyo waya unaweza kwenda mita 5 kwa sekunde, mara mbili ya ule wa zamani. Leo zipo lifti za aina hiyo zenye viti vya watu sita na hata wanane.

Kwa mtoto, hapa kuna faida ya kweli ambayo mzazi hapaswi kuipuuza. Kiti kinachopunguza mwendo ni rahisi kukikalia kwa mtoto wa miaka sita kuliko kile kinachomfuata bila kusubiri. Safari ikifupishwa kutoka dakika 10 hadi 5, vidole na mashavu hukaa kwenye upepo wa baridi kwa nusu ya muda. Mtu anayesema lifti mpya hazina maana, huenda hajawahi kukaa juu angani na mtoto anayelia kwa baridi.

Hesabu ambayo foleni haiionyeshi

Tufanye hesabu ndogo. Chukua lifti ya zamani yenye urefu wa mita 1,500 na viti vya watu wanne. Inapandisha watu 2,400 kwa saa, yaani 40 kila dakika. Kwa kasi ya mita 2.5 kwa sekunde, safari ni dakika 10. Kwa hiyo wakati wowote ukitazama juu, watu 400 wamekaa vitini.

Tuseme kushuka kunachukua dakika 8. Basi walioko njiani ni 320. Na tuseme foleni ina watu 200, kila mmoja akisubiri dakika 5. Jumla ni watu 920 wanaozunguka kwenye lifti hiyo moja.

Sasa kituo kinang'oa lifti hiyo na kufunga ya watu wanane yenye kasi mara mbili, inayopandisha watu 3,600 kwa saa, yaani 60 kila dakika. Watu ni wale wale 920. Safari ni dakika 5, hivyo walioko vitini ni 300. Walioko njiani sasa ni 480. Foleni imebaki na watu 140, na kila mmoja anasubiri dakika 2 na ushee.

Angalia kilichotokea. Foleni imepungua, kila mtu anafurahi, na matangazo ya kituo hayadanganyi. Lakini njia iliyokuwa na watu 320 sasa ina 480. Wameongezeka kwa nusu nzima, na hapo langoni hatujaongeza hata mtu mmoja.

Watu hao wametoka wapi? Wengi walikuwa wamekaa angani. Ile lifti ya taratibu, pamoja na kero zake zote, ilikuwa pia sebule ya kusubiria. Ilishikilia watu 400 ambao kwa wakati huo hawakuwa wakimpita mtoto wako kwa kasi.

Anayevuka Kigamboni ataelewa haraka. Ukileta kivuko kikubwa zaidi na chenye kasi, foleni ya Magogoni itapungua. Lakini kama barabara ya upande wa pili ni ile ile, msongamano haujaisha. Umehamia ng'ambo.

Jambo jingine: foleni fupi huvutia watu. Kituo kikisifika kwamba hakina kusubiri, wikiendi ijayo waliokuwa wakienda kwingine nao watakuja. Hapo 920 wanakuwa zaidi.

Theluji ikipungua, mlima unakuwa mdogo

Lifti hufungwa kwa kutazama mlima mzima ukiwa umefunikwa. Lakini mlima hauko hivyo kila siku. Mwanzoni mwa msimu, au katika mwaka wenye joto, kituo chenye njia nyingi kinaweza kufungua chache tu, zile zenye mashine za kutengeneza theluji.

Mashine hizo hupuliza matone madogo ya maji kwa hewa yenye shinikizo, na matone huganda kabla ya kutua. Zinahitaji baridi, kwa kawaida chini kidogo ya nyuzi sifuri, na hewa kavu husaidia. Usiku ukiwa na joto, mashine hazina la kufanya. Ndiyo maana zipo picha za mlima wa kahawia wenye mkanda mmoja mweupe katikati, na watu wote wamebanana kwenye mkanda huo.

Si jambo la nadharia. Januari mosi mwaka 2023, mji wa Delémont, kaskazini magharibi mwa Uswisi, ulifikia nyuzi joto 20, katikati ya likizo ambayo familia za Ulaya hupanda milimani. Vituo vya miinuko ya chini vilifunga njia nyingi.

Siku kama hiyo, lifti ya watu 3,600 kwa saa haipungui uwezo wake. Inaendelea kumwaga watu 60 kila dakika, lakini kwenye njia moja badala ya tano.

Halafu kuna theluji yenyewe. Kila anayeshuka huikwangua na kuisukuma pembeni anapokata kona. Usiku magari ya kusawazisha hupita na kuirudisha, ndiyo maana asubuhi njia huwa laini kama shuka lililopigwa pasi. Kufikia saa nane mchana, njia iliyopitwa na watu wengi huwa na mabonde, vilima vidogo na vipande vya barafu ngumu. Watu wakiongezeka kwa nusu, mkwanguo nao unaongezeka kwa nusu. Na saa hizo ndizo ambazo miguu ya mtoto imechoka.

Walioamua kusubiri, na waliokataa lifti

Kipo kituo kimoja huko Vermont ambacho kilichukua uamuzi wa ajabu kidogo. Mad River Glen kilifunguliwa na lifti ya kiti cha mtu mmoja mmoja, iliyojengwa mwaka 1948. Tangu 1995 kituo hicho kinamilikiwa na ushirika wa wachezaji wenyewe, kama vile vyama vyetu vya msingi vya kahawa. Lifti ilipochakaa, wanachama walipiga kura. Wangeweza kuweka ya watu wawili. Walichagua kukarabati ile ile ya mtu mmoja, na kazi ikakamilika mwaka 2007.

Sababu moja ilikuwa kuenzi historia. Nyingine ni ile hesabu yetu. Mad River Glen hutegemea zaidi theluji inayoanguka yenyewe, na lifti inayopandisha watu wachache huacha theluji idumu na njia ziwe na nafasi. Gharama yake wanaijua: siku nzuri za theluji, foleni ni ndefu. Wameona heri wasubiri chini kuliko kubanana juu.

Park City, Utah, ilikuwa tofauti, maana hapo ulitokea mvutano. Vail Resorts ilitaka kubadilisha lifti mbili, Eagle na Silverlode, iweke za watu sita na wanane. Aprili 2022 ofisi ya mipango miji iliidhinisha. Wakazi wanne wakakata rufaa, na Juni 2022 Tume ya Mipango ya mji ikakubaliana nao na kutengua kibali.

Hoja haikuwa kwamba lifti ni mbaya. Mkataba kati ya mji na kituo, wa tangu mwaka 1998, unatambua kipimo cha idadi ya watu ambao mlima unaweza kuwabeba kwa siku bila kubanana. Wakazi walihoji jinsi hesabu hiyo ilivyofanywa, pamoja na mpango wa maegesho ya magari. Kampuni kwa upande wake ilisema lifti hizo zingepunguza foleni na kuwatawanya watu vizuri zaidi mlimani. Mwishowe vifaa hivyo vilipelekwa Whistler, Canada.

Mtu anaweza kuona kila upande una hoja. Lifti iliyowekwa mahali sahihi inaweza kweli kuwatoa watu kwenye eneo lililojaa na kuwapeleka penye nafasi. Tatizo huja pale inapomwaga watu kwenye njia ile ile iliyokwisha kujaa.

Park City hiyo hiyo ilitoa somo la pili. Kuanzia Desemba 27, 2024 hadi Januari 8, 2025, walinzi wa mlima wapatao 200 waligoma wakidai mishahara bora. Hawa ndio hukagua njia asubuhi, huzuia maporomoko ya theluji na huwafuata majeruhi. Bila wao, sehemu kubwa ya mlima ilibaki imefungwa na foleni zikawa ndefu kweli kweli, katikati ya likizo. Lifti zilikuwepo na theluji ilikuwepo. Waliokosekana ni watu wa kusema njia hii ni salama.

Zipo njia nyingine za kupunguza msongamano ambazo hazihitaji chuma kipya. Deer Valley, jirani wa Park City, kwa miaka mingi huweka kikomo cha tiketi za siku. Vail Resorts nayo ilianza kuweka kikomo cha tiketi za siku msimu wa 2022/23. Ufaransa imegawa shule zake katika kanda tatu ambazo likizo zake za Februari hupishana, ili familia zote zisipande Alps wiki moja.

Mwili wa mtoto katikati ya umati

Turudi kwenye afya. Kwa ujumla skii si mchezo wa kutisha kama picha zinavyoonyesha. Tafiti za miaka mingi zimekuwa zikitaja majeruhi wawili hadi watatu kwa kila siku 1,000 za mchezo. Na wengi wao huumia kwa kuanguka wenyewe, si kwa kugongana.

Lakini kugongana kuna uzito wake kwa mtoto. Mtu mzima anayeshuka kwa kilomita 40 kwa saa anakwenda zaidi ya mita 11 kila sekunde. Akiwa na kilo 80, na mtoto kilo 25, hakuna haja ya daktari kueleza nani ataumia zaidi. Mtoto pia ni mfupi, haonekani nyuma ya kilima kidogo. Husimama ghafla, hukaa chini kupumzika, hubadilisha mwelekeo bila kutazama nyuma. Kwenye njia yenye nafasi, makosa hayo ni sehemu ya kujifunza. Kwenye njia iliyojaa, yanaweza kumfikisha hospitali.

Kanuni kuu ya mlimani ni moja kote duniani: aliye mbele na chini ndiye mwenye haki ya njia, na anayetoka juu ndiye anayetakiwa kumkwepa. Mwaka 2023 ulimwengu mzima uliisikia kanuni hiyo ikijadiliwa mahakamani Park City, pale mwigizaji Gwyneth Paltrow aliposhitakiwa kwa mgongano uliotokea Deer Valley mwaka 2016. Swali kubwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama lilikuwa nani alikuwa chini ya mwenzake. Paltrow alishinda na kupewa fidia aliyoomba, dola moja.

Helmeti inasaidia. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Canada ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 35. Italia ilianza mwaka 2005 kuwalazimisha watoto wa chini ya miaka 14 kuivaa, na mwaka 2022 ikapandisha umri hadi 18. Lakini asilimia 35 si 100. Helmeti haiwezi kufanya kazi ya nafasi.

Lipo pia suala la mwinuko, ambalo lifti ya kasi inalifanya lisahaulike. Imperial Express ya Breckenridge humfikisha mtu mita 3,914 juu ya usawa wa bahari. Hapo ni juu kuliko kambi ya Horombo kwenye Kilimanjaro, ambako wapandaji wa njia ya Marangu hufika siku ya pili wakiwa wametembea kwa miguu. Mtoto aliyetoka ukanda wa chini jana yake akilalamika kichwa, kichefuchefu au kuchoka kusiko kwa kawaida, dawa ya kwanza ni kumteremsha.

Hata nyumbani swali hili limefika

Mwaka 2019 Serikali ya Tanzania ilitangaza kufikiria kuweka gari la waya Mlima Kilimanjaro. Waliounga mkono walisema wazee, watoto na wenye ulemavu wataweza kuuona mlima. Waongozaji na wapagazi walipinga wakihofia ajira zao. Mjadala ukazunguka zaidi kwenye mapato.

Wazazi wa Park City wangetushauri tuongeze swali moja kwenye mjadala huo: huko juu panaweza kupokea watu wangapi kwa siku, na nani atakipima kiasi hicho kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa?

Kabla ya kutia saini

Mzazi, hutaweza kuchagua lifti ya kituo. Lakini unaweza kuuliza, na unaweza kupanga siku. Haya ndiyo ya kuzingatia.

1. Tazama ripoti ya asubuhi. Karibu kila kituo huweka kwenye tovuti au programu yake idadi ya njia zilizo wazi na hali ya theluji. Usitazame urefu wa theluji peke yake. Tazama njia zilizo wazi kwa wanaoanza. Ikiwa ni moja au mbili na ni wikiendi, jua zitajaa.

2. Kwepa siku za kilele. Marekani ni wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya, wikiendi ya Martin Luther King katikati ya Januari na wikiendi ya Marais katikati ya Februari. Jumanne au Jumatano ya kawaida inaweza kuwa mlima mwingine kabisa.

3. Muulize mwalimu ni lifti gani watatumia. Vituo vingi vina eneo la wanaoanza lenye lifti ndogo au mkanda unaotembea ardhini. Mtoto anayejifunza abaki huko hadi aweze kusimama na kukata kona anapotaka yeye. Asipandishwe juu kwa sababu tu foleni ya lifti kubwa ni fupi. Foleni fupi chini haina maana kwamba juu kuna nafasi.

4. Uliza kama njia ya kurudi chini ni moja. Mahali ambapo njia nyingi zinaungana kuelekea kwenye lifti ndipo watu wa kila kiwango hukutana, na ni vizuri mwalimu awapitishe watoto hapo kwa kikundi, pembeni.

5. Mfundishe kanuni tatu kwa lugha ya nyumbani kabla hajaondoka. Aliye mbele yako ana haki. Ukitaka kupumzika, sogea pembeni mahali unapoonekana kutoka juu. Kabla ya kuondoka tena, tazama juu kwanza, kama unavyovuka barabara.

6. Kwenye kiti, chuma cha mbele kishushwe na mtoto aegemee nyuma. Mtoto mdogo akae na mtu mzima upande wake. Akikosea kukaa, apaze sauti ili mhudumu asimamishe lifti. Hilo hutokea kila siku, wala si aibu.

7. Amalize mapema. Skii ya asubuhi, theluji ikiwa imesawazishwa na miguu ina nguvu, ni tofauti na ya saa tisa alasiri. Mtoto akisema amechoka, basi amechoka. Ile safari moja ya mwisho ambayo watu wazima huipenda mno, iwaachie wao.

Na kama asubuhi ya safari ripoti inaonyesha njia moja tu ya wanaoanza iko wazi, mpigie mwalimu simu umuulize wamepanga nini. Mwalimu mzuri atakuwa na jibu tayari: watabaki eneo la wanaoanza, watagawanywa vikundi vidogo, au watasogeza siku. Akikosa jibu, koti zito linaweza kusubiri wiki ijayo.